Mama ana rovu, ameambiwa aache sukuma na kabichi kabisa. Kweli mboga hizi zinadhuru?

#1 BintiVihiga (Jumapili, 20:06)
Wadau, habari za jioni. Nina jambo linalonikosesha usingizi.

Mama yangu yuko nyumbani Vihiga, ana miaka 63. Tangu Krismasi tumeona shingo yake imejaa kwa mbele, na sasa kifungo cha juu cha gauni lake la kanisa hakifungi tena. Wiki iliyopita alienda kliniki moja, wakamshika shingo, wakamtoa damu, wakamwambia ni rovu. Majibu ya damu hajapewa, lakini ameshaambiwa aache kabisa sukuma, kabichi na kanzira kwa kuwa "zinalisha uvimbe".

Nyuma ya jikoni la mama kuna mistari minne ya kanzira na sukuma. Hiyo ndiyo mboga ya boma lile tangu nikiwa mtoto. Mimi niko hapa Nakuru, upande wa Lanet, na kila siku nasikia kwenye redio kwamba mboga hizo hizo zinazuia saratani. Nishike lipi? Aliyepitia haya au mwenye ujuzi anisaidie.

#2 MkulimaWaMolo (Jumapili, 20:21)
Pole kwa mama. Mimi nalima kabichi, baba yangu alilima kabichi, na babu yangu alikula kabichi mpaka akafika miaka tisini. Hakuna hata mmoja kwetu mwenye rovu. Hao wa kliniki wanawatisha watu bure.

#3 Nyar_Kano (Jumapili, 20:58)
Pole dada. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Kisumu. Mkulima, babu yako tunamheshimu, lakini jambo hili lina msingi wake, halikutoka hewani.

Mwaka 1928, huko Johns Hopkins, Marekani, kulikuwa na sungura waliofugwa kwa utafiti wa kaswende. Chakula chao kilikuwa hasa kabichi. Watafiti wakashangaa kuona sungura wale wanaota rovu. Ndipo ikaanza kujulikana kwamba mboga za jamii ya kabichi zina kemikali zinazozuia tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, kutumia iodini ipasavyo. Tezi ikikosa iodini inajitanua ili ikamate hata ile kidogo iliyopo. Huko kujitanua ndiko rovu.

Lakini soma vizuri: sungura walikula kabichi mbichi, kutwa kucha, na karibu hawakuwa na kingine. Na binadamu je? Kuna kisa kilichoandikwa mwaka 2010 cha bibi wa miaka 88 kule Marekani. Alikuwa anakula kilo moja hadi kilo moja na nusu ya kabichi ya Kichina, mbichi, kila siku kwa miezi kadhaa, akiamini itamsaidia kisukari. Tezi yake ilizimika, akafikishwa hospitali akiwa hajitambui. Kilo nzima, mbichi, kila siku! Mama yako anakula ngapi, na anapika au hapiki?

Kupika kunapunguza sana nguvu ya kemikali hizo. Na mwenye iodini ya kutosha mwilini hasumbuliwi na sahani ya sukuma. Kwa hiyo kabla ya kung'oa kanzira, uliza kwanza habari ya chumvi, maana chumvi ya dukani hutiwa iodini. Pia ufuatilie majibu ya damu, hasa kipimo kinachoitwa TSH, kinachoonyesha kama tezi inafanya kazi sawa. Bila hicho tunabahatisha.

#4 Kamau_Bondeni (Jumapili, 21:10)
Mimi kabichi iliniponya vidonda vya tumbo. Wiki tatu, glasi ya juisi ya kabichi mbichi asubuhi kabla ya chochote. Nilikuwa nalala nimekunja magoti kifuani. Leo nakula pilipili. Hamtaniambia kabichi ni sumu.

#5 Mzee_Butere (Jumapili, 21:34)
Binti yangu, pole. Nyinyi vijana hamkuona rovu. Mimi niliiona. Nikiwa shule ya msingi, kila kijiji kilikuwa na akina mama wawili watatu wenye shingo kama wamebeba chungwa, wengine boga. Tulifikiri ni maumbile ya ukoo. Chumvi tuliyotumia ilikuwa ile ya mawe, na munyu wa majivu tuliochuja wenyewe kwa maganda ya maharagwe. Tulikula sukuma na kanzira wakati huo kama tunavyokula leo.

Kisha chumvi ya dukani ikaanza kutiwa iodini, na tangu 1978 ikawa sheria Kenya nzima. Shingo zile zikapungua mpaka watoto wangu wanaponisimulia rovu wanasema wameiona kitabuni. Mboga haikubadilika. Kilichobadilika ni chumvi. Muuguzi amesema kweli.

#6 Omogusii_Halisi (Jumapili, 21:40)
Mzee wa Butere, leo umeacha kuku ukaingia kwenye mboga? 😄 Heshima yako mzee.

BintiVihiga, mwambie mama aachane na sukuma ale chinsaga na managu, mboga zetu za asili. Hizo hazina shida hiyo.

#7 Chepkoech_Njoro (Jumapili, 22:15)
Omogusii, hapo naomba kukurekebisha kidogo. Mimi nasomea mambo ya chakula huku Njoro na somo hili nalipenda sana.

Jamii ya kabichi utaijua kwa ua lake: petali nne zilizokaa kama msalaba. Kabichi, sukuma wiki, brokoli na koliflawa ni spishi moja, Brassica oleracea. Wakulima wa zamani walichagua tu sehemu tofauti za mmea: huyu akapenda majani, yule akapenda kichwa, mwingine akapenda ua. Kanzira ni ndugu yao wa karibu, wa asili ya Ethiopia. Haradali na figili pia wamo.

Managu hayamo, hayo ni ya ukoo wa nyanya na viazi. Mrenda haumo. Kunde ni jamii ya maharagwe. Terere hazimo. Na hii tunayoiita "spinachi" sokoni nayo haimo. Ni ndugu ya kiazisukari, hata spinachi yenyewe si hiyo.

Lakini chinsaga (saget kwetu, dek kwa Wajaluo, tsisaka kwa Waluhya) ni binamu wa kabichi. Si familia hiyo hiyo hasa, ila wametoka shina moja na ina kemikali za kundi lile lile, glukosinoleti. Ndiyo maana ni chungu na ina harufu yake. Kwa hiyo mama akiambiwa "acha kanzira, kula saga", hajakimbia mbali.

#8 Omogusii_Halisi (Jumapili, 22:19)
Kumbe. Mama yangu alilishwa chinsaga mwezi mzima aliponizaa. Nimekubali marekebisho, lakini chinsaga siiachi.

#9 Chepkoech_Njoro (Jumapili, 22:23)
Usiiache! Hakuna aliyesema uiache.

#10 Wafula_Chwele (Jumatatu, 06:12)
Nimeusoma uzi huu nikiwa kwenye matatu. Swali kwa dada wa Njoro: hizo glukosinoleti ndizo zinazozuia saratani au ndizo zinazoleta rovu? Maana naona kitu kimoja kinasifiwa na kulaaniwa.

#11 Chepkoech_Njoro (Jumatatu, 07:50)
Mwalimu Wafula, swali zuri. Zote mbili, na ndipo utamu wa somo ulipo.

Jani likiwa zima, glukosinoleti zimelala chumba kimoja na kimeng'enya (enzaimu) chake kiko chumba kingine. Ukilikata, ukilitafuna, au mdudu akilitoboa, kuta zinavunjika na vitu viwili vinakutana. Papo hapo zinazaliwa kemikali mpya kali. Ule mwasho wa haradali puani ndio huo. Mmea unajilinda na wadudu kwa njia hiyo.

Aina za glukosinoleti ni nyingi. Moja ikivunjika inatoa salforafani, ambayo kina Talalay na Zhang wa Johns Hopkins waliitoa kwenye brokoli mwaka 1992, wakaonyesha inaamsha vimeng'enya vya mwili vinavyoondoa sumu. Mwaka 1997 wakaonyesha kwamba miche ya brokoli ya siku tatu ina malighafi yake mara 10 hadi 100 kuliko brokoli iliyokomaa. Nyingine ikivunjika inatoa goitrini, na hiyo ndiyo inayosumbua tezi. Brokoli ina goitrini kidogo, mboga nyingine za jamii hii zina zaidi. Hazifanani.

Kuhusu saratani, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilitoa kitabu kizima juu ya mboga hizi mwaka 2004. Kuna dalili za kinga, lakini ukitaka neno "inazuia" kama chanjo, hulipati pale. Redio inazidisha.

#12 MamaMboga_Kibuye (Jumatatu, 13:30)
Nimesimama kwenye meza yangu Kibuye nasoma haya, wateja wananingoja. Niulize mimi ninayekata sukuma kila siku.

Nachukua majani kumi na mawili, nayapanga mgongo kwa mgongo, nayakunja kama mkeka, nayabana kwa mkono wa kushoto, kisu nakileta kuelekea kidole gumba, chembamba kama uzi. Saa tisa naanza kukata ili watu wakitoka kazini wakute tayari. Anayenunua saa kumi na mbili anapika saa moja na nusu. Chepkoech mwanangu, hiyo kemikali nzuri inakuwa imebaki au imeenda? Na ile mbaya?

#13 Chepkoech_Njoro (Jumatatu, 14:05)
Mama, hili swali lako lingefaa kufanyiwa utafiti!

Kwa upande mmoja, kukata mapema ni kuzuri. Kimeng'enya kile kinakufa kwa moto. Ukikata na kutumbukiza jikoni hapo hapo, kinakufa kabla hakijafanya kazi. Ndiyo maana wataalamu wengine husema kata kisha ngoja kama dakika 40 ndipo upike. Sukuma yako ya saa tisa imengoja zaidi ya hapo.

Kwa upande mwingine, vitamini C inaanza kuharibika pale jani linapokatwa, na kadiri linavyokatwa jembamba ndivyo hewa inavyoingia zaidi. Na baadhi ya hizo kemikali kali huruka hewani. Ile harufu inayokupiga usoni ukifungua mfuko wa sukuma iliyokatwa ndiyo hizo zinaondoka.

#14 Nyar_Kano (Jumatatu, 14:22)
Naongeza hapo. Kosa kubwa si kukata mapema, ni kuosha baada ya kukata. Watu wananunua iliyokatwa, wanafika nyumbani wanaiminya kwenye maji mara tatu mpaka maji yanakuwa kijani. Hiyo kijani mnayomwaga ndiyo mboga yenyewe. Osha jani zima, likauke, ndipo ukate.

#15 MamaMboga_Kibuye (Jumatatu, 14:31)
Mimi naosha kabla ya kukata. Lakini mteja haniamini, anaosha tena. Na simlaumu, kuna sukuma zinazomwagiliwa maji ya mitaro, kila mtu anajua. Hofu hiyo ndiyo inamfanya mtu aminye.

#16 MkulimaWaMolo (Jumatatu, 19:47)
Mmefika pale nilipokuwa nangoja. Mimi naamini rovu, saratani na haya magonjwa yote mapya hayatoki kwenye mboga, yanatoka kwenye dawa ya kunyunyizia.

Kuna kiwavi kidogo cha kijani, urefu wa punje ya mchele. Ukimgusa anajinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi. Anatoboa kabichi mpaka inakuwa kama kichungi. Amezoea dawa nyingi. Mkulima akiona dawa haimuui anaongeza kipimo, au anachanganya mbili. Kibandiko kinasema ungoje siku kadhaa kabla ya kuvuna, lakini mnunuzi akifika na lori leo na bei ni nzuri, nani atangoja? Nimeona kwa macho yangu watu wakinyunyiza jioni na kukata asubuhi. Mimi nangoja, na nimepoteza wanunuzi kwa kungoja.

Mteja naye anataka kabichi isiyo na tundu hata moja. Mkiona jani lenye tundu mbili tatu, nunueni hilo.

#17 Nyar_Kano (Jumatatu, 20:10)
Mkulima, kuhusu dawa niko nawe, ni tatizo la kweli. Lakini kanzira ya mama wa BintiVihiga iko nyuma ya jikoni. Sidhani inanyunyiziwa. Kwa hiyo dawa haielezi shingo ya mama.

#18 BintiVihiga (Jumatatu, 20:44)
Asanteni sana wote. Nimempigia mama. Hanyunyizi kitu zaidi ya majivu ya jikoni. Majibu ya damu ataenda kuchukua kesho.

Nilimuuliza habari ya chumvi kama mlivyosema. Akaniambia kwamba tangu apatikane na presha, miaka miwili sasa, ameacha chumvi karibu kabisa. Mboga anatia munyu tu. Mbele yenu nakiri sikujua.

#19 Mzee_Butere (Jumatatu, 20:52)
Haya! Nilisema chumvi.

Munyu ni majivu ya maganda na maji. Unalainisha mboga, unafanya mrenda uvutike, lakini hauna iodini aliyoitia mtu. Huyo mama amerudi kwenye jiko la 1960 bila kujua.

#20 Wafula_Chwele (Jumatatu, 21:03)
Mzee, usifunge mlango haraka. Mwenye presha kupunguza chumvi ni jambo sahihi, na presha inaua upesi kuliko rovu. Sasa mama afanye nini?

#21 Nyar_Kano (Jumatatu, 21:30)
Mwalimu yuko sahihi, asirudie chumvi nyingi. Hiyo kidogo anayoruhusiwa iwe ya pakiti yenye iodini, ikae kwenye kopo lenye kifuniko mbali na moshi na unyevu, aitie mboga inapokaribia kuiva. Iodini pia iko kwenye samaki wa baharini, maziwa na mayai.

Na binti, muulize jambo moja zaidi: anakula ugali wa nini?

#22 BintiVihiga (Jumatatu, 21:41)
Wa mahindi na wa muhogo. Dada yake aliolewa Busia, humletea unga wa muhogo na mtama kila akija. Kwa nini?

#23 Nyar_Kano (Jumatatu, 21:55)
Kwa sababu muhogo usioandaliwa vizuri, yaani usiolowekwa au kukaushwa vya kutosha, unabaki na sianidi kidogo. Mwili unaigeuza kuwa thayosaianeti, na hiyo nayo inazuia iodini kuingia kwenye tezi. Maeneo ya Kongo yenye rovu nyingi, muhogo umechunguzwa sana pamoja na upungufu wa iodini. Kwa hiyo ukinilazimisha nichague mshtakiwa, nitashika muhogo na ukosefu wa iodini kabla ya kushika kanzira iliyopikwa.

#24 Atieno_Usenge (Jumatatu, 22:08)
Dada muuguzi, sisi huku kuon (ugali) ya muhogo na mtama tunakula tangu ukoo uanze, na hakuna mwenye rovu. Tunakula na samaki lakini. Labda ndiyo sababu?

#25 MkulimaWaMolo (Jumatatu, 22:11)
Naona nikitetea kabichi kwa babu yangu ni makosa, lakini mwingine akitetea muhogo kwa ukoo wake anasikilizwa 😄

#26 Nyar_Kano (Jumatatu, 22:15)
😄 Mkulima umenishika. Atieno, samaki wa ziwani wana iodini kidogo kuliko wa baharini, kwa hiyo sitasema ni hao tu. Loweka na kaushe vizuri, tia chumvi ya pakiti, endelea kula.

#27 Kiprono_Kericho (Jumanne, 05:40)
Samahani kuingilia. Kaka yangu alifanyiwa upasuaji wa moyo, amewekewa vali, anakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Naye aliambiwa aache sukuma kabisa. Ni jambo hilo hilo la rovu?

#28 Nyar_Kano (Jumanne, 06:25)
La, hilo ni tofauti kabisa, na nafurahi umeuliza kwa sababu watu wanayachanganya. Sukuma ina vitamini K nyingi, inayosaidia damu kuganda. Warfarini inazuia vitamini hiyo. Tatizo linakuja kaka akila sukuma nyingi wiki hii na wiki ijayo asile kabisa. Dawa inapandishwa, inashushwa, damu inayumba. Wagonjwa wengi hushauriwa kula kiasi kile kile kila wiki. Lakini asibadilishe chochote kabla ya kuzungumza na kliniki inayompima damu. Hilo si la kuamulia kwenye uzi.

#29 Kiprono_Kericho (Jumanne, 06:31)
Nimeelewa. Nitampeleka kliniki. Shukrani.

#30 Wafula_Chwele (Jumanne, 10:20)
Kamau wa Bondeni, juisi yako hatukuijibu.

Ina historia. Mwaka 1949 daktari mmoja wa California, Garnett Cheney, aliwapa wagonjwa 13 wa vidonda vya tumbo juisi ya kabichi mbichi, akaandika kwamba vidonda vilipona upesi. Hata akakipa kitu kilichomo jina "vitamini U". Lakini hakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 1982 Marshall na Warren kule Australia wakampata bakteria Helicobacter pylori, anayesababisha vidonda vingi, na wakapewa Nobeli mwaka 2005. Bakteria huyo anatibiwa kwa viuavijasumu.

#31 Kamau_Bondeni (Jumanne, 10:48)
Mwalimu, nasikia. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na maumivu, na mimi ndiye niliyeondokewa nayo. Hao 13 na mimi ni 14.

#32 Nyar_Kano (Jumanne, 11:02)
Kamau ndugu yangu, sikukatalii nafuu yako. Nenda upimwe huyo bakteria, kipimo cha kinyesi au cha pumzi. Kidonda kinaweza kunyamaza na bado kipo. Ukikuta hayupo, njoo ututangazie hapa.

#33 Mama_Pesi (Jumanne, 12:15)
Mtoto wangu wa miaka sita analia akiona sukuma, anasema ni chungu. Yule mkubwa anakula mpaka anaramba sahani. Sufuria moja, mwiko mmoja. Nilidhani ni ukaidi nikamchapa. Najuta.

#34 Chepkoech_Njoro (Jumanne, 13:00)
Mama Pesi, inawezekana kabisa kwamba kwake ni chungu zaidi. Kuna jeni, TAS2R38, inayoamua ulimi unahisi vipi uchungu wa kundi hili. Ndugu wawili wanaweza kurithi tofauti. Mpikie na maziwa au malai kama tunavyofanya kwa saget. Maziwa yanafunika uchungu.

Na ukiwa na wasiwasi wa kalisi, mwili unafyonza kalisi ya jamii ya sukuma vizuri sana, kama asilimia 40, kuliko hata ya maziwa, ambayo ni kama asilimia 32. Ile ya spinachi halisi ni kama 5 tu, maana asidi yake inaikamata.

#35 Omogusii_Halisi (Jumanne, 13:20)
Na magadi? Kwetu wengi wanatia magadi mboga iive upesi na ibaki kijani.

#36 Chepkoech_Njoro (Jumanne, 13:33)
Magadi yanalinda rangi na kuharibu vitamini C. Kama makaa ni ghali na mboga ni ngumu, naelewa. Lakini sukuma changa haihitaji magadi, dakika tano kwenye kitunguu na nyanya inatosha.

#37 Mzee_Butere (Jumanne, 13:50)
Dakika tano ni mboga ya mbuzi. Mboga ya kanzira iive, ilale, ipashwe kesho yake na malai. Utamu wake ni siku ya pili.

#38 MamaMboga_Kibuye (Jumanne, 14:02)
Mzee nakuunga mkono. Dek ya siku ya tatu na maziwa, hakuna atakayenihamisha hapo, hata na vitamini zake.

#39 Chepkoech_Njoro (Jumanne, 14:10)
Nyanya yangu Molo husema hivyo hivyo. Na kwa mwenye rovu, mboga iliyoiva sana huenda ndiyo salama zaidi kwa upande wa tezi. Unapoteza vitamini C, unapunguza goitrini. Kwa hiyo mzee na mimi tunaweza kuwa tunajibu maswali mawili tofauti.

#40 BintiVihiga (Jumatano, 18:37)
Nimerudi. Mama alichukua majibu, akanisomea kwa simu tarakimu moja moja. TSH iko katika kiwango cha kawaida.

Nilifurahi, kisha nikachanganyikiwa. Kama tezi inafanya kazi sawa, mbona shingo imejaa? Sukuma haina kosa? Chumvi haina kosa?

#41 Nyar_Kano (Jumatano, 19:15)
Ni habari njema, lakini haimalizi. TSH inatuambia tezi inatoa homoni ya kutosha leo. Haituambii kwa nini imekua. Inawezekana ilikosa iodini kidogo kwa muda na ikajitanua mpaka ikatosheka. Inawezekana ni vinundu, ambavyo akina mama wa umri wake huwa navyo mara nyingi, na chakula hakihusiki. Apigwe picha ya shingo, altrasaundi. Kama kuna kinundu cha kutilia shaka watamchoma sindano ndogo wachukue sampuli. Akianza kupata sauti ya kukwama, shida ya kumeza au kupumua, asingoje siku ya miadi.

Uliza pia, kuna ndugu zake wenye rovu?

#42 BintiVihiga (Jumatano, 19:29)
Mama yake mzazi alikuwa nayo. Na yule dada wa Busia anajifunga leso shingoni siku zote. Nimewaza sasa hivi kwamba sijawahi kuiona shingo yake.

#43 Mzee_Butere (Jumatano, 19:40)
Dada wa muhogo.

#44 Wafula_Chwele (Jumatano, 19:44)
Au dada wa damu moja. Ukoo unaweza kueleza zote mbili, mzee.

#45 Mzee_Butere (Jumatano, 19:51)
Jiko moja pia ni ukoo. Bado nasema chumvi.

#46 BintiVihiga (Jumatano, 20:18)
Tumekubaliana aje Kisumu Ijumaa kwa picha, nami nitapanda matatu ya alfajiri kutoka Nakuru tukutane stendi. Nimemwomba amlete na dada yake.

Kuhusu mboga, nimemwambia aipike iive vizuri, aoshe kabla ya kukata, anunue pakiti ndogo ya chumvi na aiweke kwenye kopo, asizidishe. Akanyamaza, kisha akasema alikuwa ameshang'oa mstari mmoja wa kanzira siku ile aliyotoka kliniki, akaurushia ng'ombe. Mitatu imebaki. Alisema alishindwa kuendelea kwa sababu ilikuwa imeanza kutoa maua.

#47 MamaMboga_Kibuye (Jumatano, 20:25)
Binti, Ijumaa mkimaliza pitieni Kibuye, ulizeni meza ya mboga za kienyeji upande wa njia kuu. Nataka kumsalimia mama. Nitawafungia dek ya kubeba.

#48 MkulimaWaMolo (Jumatano, 20:33)
Hiyo kanzira yenye maua, mwambie mama asiikate. Aiache ikauke mpaka maganda yawe ya kahawia, ayavune asubuhi kabla hayajapasuka. Mbegu ya kanzira ya nyumbani nimeitafuta Molo mwaka mzima. Kijiko kimoja tu, nitalipia nauli ya bahasha.